Triga mpya inaposumbua: kutafuta kasoro kwenye raifo ya bolti

Triga ya kununua (isiyokuja na bunduki) ikifungwa leo na kesho ikaanza kusumbua, wengi hukimbilia alenki na skrubu zake ndogo. Hapo ndipo kazi huharibika. Triga nzuri hutoka kiwandani ikiwa imepangwa na kujaribiwa. Kisichojaribiwa ni mahali inapokwenda kukaa: kitako cha mbao, skrubu za kukazia (zinazoshika bunduki kwenye kitako), bolti iliyolika, vumbi la barabara ya Sikonge, mafuta yaliyoganda tangu msimu uliopita. Kwa hiyo katika kila dalili iliyo hapa chini tunaanza nje ya triga, na skrubu zake zinaguswa mwisho.

Kufunga na kurekebisha triga ni kazi ya fundi silaha mwenye kibali. Mmiliki mwenye leseni anasoma ili ajue aulize nini anapokabidhi bunduki yake na akague nini anapoichukua. Asiye na leseni hana sababu ya kuifungua.

Maneno tutakayotumia: sia ni kile chuma kinachozuia pini ya kugonga isiende mbele hadi triga ivutwe. Mshiko wa sia ni kiasi ambacho nyuso mbili za chuma zimepandana, na kwa triga nyingi za kuwindia ni karibu milimita 0.4 hadi 0.5 tu, unene wa karatasi chache. Mwendo wa ziada ni umbali triga inaotembea baada ya pini kuachiwa. Risiva ni ule mwili wa chuma ambamo bolti inateleza. Sefti ni kifungio cha usalama; ikiwa wazi, haizuii bunduki kupiga. Bunduki imetegwa pale pini ya kugonga inaposhikwa na sia, tayari kuachiwa.

Majaribio ya kufanya kabla ya kulalamika

Toa magazini, toa bolti, chungulia chemba kwa macho na ingiza kidole. Risasi zote ziwe chumba kingine, na si kwenye droo ya meza ileile. Tumia risasi bandia pale tu inapohitajika, na uikague kila mara unapoiingiza, kwa sababu ajali za karakana hutokea pale bandia na ya kweli zinapolala pamoja mezani.

La kwanza ni la sefti. Funga bolti, triga ikiwa imetegwa, weka sefti, vuta triga kwa nguvu mara tatu au nne ya uzito wake, iachie, kisha ondoa sefti bila kugusa triga. Pini isidondoke. Rudia mara 10.

La pili ni la bolti. Funga bolti kwa nguvu na kwa haraka mara 25, sefti ikiwa wazi. Pini isifuate bolti hata mara moja. Mara 1 katika 25 ni bunduki mbovu.

La tatu ni la mshtuko. Kipimo cha SAAMI, chama cha viwanda vya silaha cha Marekani, ni kuangusha bunduki iliyotegwa, sefti ikiwa wazi, kutoka inchi 12 (sentimita 30) juu ya mkeka wa mpira wenye unene wa inchi 1, kwa pande mbalimbali. Karakana isiyo na mkeka wa namna hiyo inaweza kutumia kipande cha mpira mzito wa kubebea mizigo kwenye lori. Toa darubini kwanza.

La nne ndilo linalookoa muda kuliko yote: rudia la kwanza na la pili bunduki ikiwa imetolewa kwenye kitako, kisha tena ikiwa imerudishwa na kukazwa. Ikifaulu nje na kushindwa ndani, usiiguse triga. Shida iko kwenye mbao au kwenye skrubu za kukazia.

Uzito upimwe, usikisiwe kwa kidole. Mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, ile inayopimia samaki pale mwaloni Kibirizi, inatosha kama inaonyesha tofauti ya gramu 10. Ndoano ikae katikati ya upinde wa triga, vuta moja kwa moja kuelekea nyuma, pima mara 10 na uandike kila kipimo. Wastani una maana, lakini tofauti kati ya kikubwa na kidogo ina maana zaidi. Ikizidi gramu 150, kuna kitu kinasugua, na kuongeza au kupunguza springi hakutakiponya.

Kwa bunduki ya mbogo, .375 au .458, acha uzito kati ya kilo 1.6 na 2. Kwa swala na nguruwe, kilo 1.3 hadi 1.6 inatosha. Chini ya kilo 1 ni ya uwanja wa shabaha, si ya mtu anayetembea Ugalla na bunduki begani huku jasho likimtoka. Tunasema hivi tukijua kwamba wateja wengi huomba nyepesi zaidi. Fundi anaruhusiwa kukataa.

Pini inafuata bolti inapofungwa

Unafunga bolti, inafungika laini kupita kiasi, na bunduki haikutegwa. Kama kungekuwa na risasi ndani, ingeweza kulipuka kabla mkono wa bolti haujashuka sawasawa. Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote, na bunduki haitoki karakana mpaka ipate jibu.

Angalia kwanza kama ulimi wa triga, pale panapovutwa na kidole, unarudi mbele wenyewe. Uvute pole pole na uachie pole pole. Usiurushe, kwa sababu ukirushwa unaficha kasoro. Ukibaki nyuma au ukarudi kwa uvivu, tafuta mahali unapogusa. Mara nyingi ni tundu la kikingio cha triga (chuma kinachouzunguka ulimi), hasa upande mmoja, kwa sababu triga ya kununua ina ulimi mpana kuliko ule wa zamani. Paka masizi ya mshumaa kwenye kingo za ulimi, funga bunduki, vuta mara kadhaa, fungua tena. Masizi yalipofutika ndipo panapogusa. Punguza chuma cha kikingio kwa tupa laini mpaka pawe na nafasi ya milimita 0.5 kila upande. Usipige tupa ulimi wa triga.

Kama ulimi unarudi vizuri, sababu ya pili ni uchafu au mafuta mazito. Sia inarudishwa juu na springi ndogo sana; grisi ya bearingi ikiingia pale inafanya kazi kama gundi, hasa asubuhi ya Juni au Julai ambapo Tabora kuna baridi na mafuta yamezubaa. Mchana inafanya kazi, alfajiri inashindwa. Mteja akikuambia hivyo, umeshapata jibu kabla hujafungua. Osha triga nzima bila kuifungua: ishike ikitazama chini, mimina petroli ya kujazia viberiti au breki klina (ile isiyoharibu plastiki), chezesha ulimi na sefti mara 20, mimina tena, acha ikauke kwa saa moja. Usirudishe grisi. Triga nyingi za sasa hufanya kazi zikiwa kavu. Kama karatasi ya mtengenezaji inataka mafuta, tone moja kwenye ncha ya sindano linatosha. Mafuta ya kupulizia ya kazi zote, yale ya kulegeza nati zenye kutu, yanaacha utando unaoganda na kushika vumbi, na mafuta ya cherehani yakiwa mengi yanafanya vivyo hivyo.

Sababu ya tatu ni springi ya uzito iliyolegezwa mno na mtu aliyetaka triga nyepesi. Ya nne ni mshiko wa sia uliopunguzwa ili kuondoa mkokoto, ile hisia ya chuma kuburuzika triga inapovutwa. Hizi mbili huja pamoja kwa sababu mkono uliofanya moja hufanya na nyingine. Rudisha springi kwanza hadi kilo 1.5, jaribu. Ikiendelea, mshiko nao umechezewa: ongeza kwa robo mzunguko, jaribu mara 25, na ikifaulu ongeza tena nusu ya hiyo robo kama akiba.

Kuna na sababu ya tano, ya Mauser 98 za zamani. Triga ya kununua kwenye Mauser inashikwa kwa pini moja, kisha skrubu ndogo yenye nati inaibana dhidi ya risiva isiyumbe. Nati ikilegea, nyumba nzima ya triga inayumba, na mshiko unabadilika kila bunduki inapopiga. Shika nyumba ya triga kwa vidole viwili na uitikise: isicheze hata kidogo. Lakini usikaze skrubu hiyo kwa hasira pia, maana ukizidisha unainamisha nyumba na sia inakaa upande.

Inafyatua sefti inapoondolewa

Hapa inafaa kuelewa kinachotokea ndani, kwa sababu wengi hulaumu sefti wakati mkosaji ni triga isiyorudi.

Kwenye triga za mtindo wa Remington 700, sefti inapowekwa inainua sia ili isiegemee triga. Mtu akivuta triga wakati huo, ulimi unasogea nyuma kwa sababu hakuna mzigo juu yake. Akiuachia unapaswa kurudi mbele chini ya sia. Ukinaswa na mchanga, mafuta yaliyoganda, au kikingio, haurudi. Sefti inapoondolewa, sia inashuka na haikuti kitu cha kuegemea. Bunduki inafyatua yenyewe, na kidole hakiko kwenye triga. Ndiyo maana jaribio la kwanza linataka uvute triga sefti ikiwa imewekwa. Ukiliruka hutaigundua kasoro hii karakanani, ataigundua mwindaji.

Basi safisha, ondoa msuguano wa kikingio, kisha pima kama sefti inainua sia kweli. Kama haiinui, triga hiyo na bolti hiyo hazipatani, au kamu ya sefti (kipande kinachoinua sia) imelika. Badilisha. Usiijaze kamu kwa kuchomelea.

Gundi ya skrubu nayo iangaliwe. Aprili 2014 Remington iliziita kiwandani bunduki zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006, kwa sababu gundi ya ziada iliyotumika wakati wa kuziunganisha ingeweza kufanya bunduki ifyatue bila kuvutwa. Bunduki za aina hiyo zimesambaa duniani, na nyingine zimebadilishwa triga na nyingine hazijabadilishwa. Kwa fundi somo ni la kila siku: gundi ya skrubu (ile ya buluu, inayofunguka kwa zana za mkono) inapakwa kwa ncha ya kijiti cha meno, tone dogo kwenye nyuzi za nje, baada ya majaribio kuisha. Isidondoshwe ndani ya tundu. Iache saa 24 kabla ya kupiga, kisha rudia majaribio yote, maana gundi nayo inaweza kusogeza skrubu.

Sefti haingii, au inaingia kwa shida

Kama sefti iko pembeni mwa triga, toa bunduki kwenye kitako na ujaribu. Ikiingia vizuri, mbao inagusa mkono wa sefti. Hii ni kawaida sana pale bunduki ilipowekewa kitako kipya cha mninga kilichochongwa kwa kufuata triga ya zamani. Mninga ni mbao tulivu, haijikunji ovyo ikikauka vizuri, lakini mchongaji aliacha nafasi ya triga ile, si hii. Masizi yatakuonyesha pa kupunguza. Toa kidogo, milimita 1 pembeni ya mkono wa sefti katika mwendo wake wote, kisha ziba pale palipochongwa kwa vanishi au mafuta ya kitani. Mbao iliyochongwa na kuachwa wazi itanywa maji mvua za Novemba zikianza, itavimba, na mteja atarudi Januari na dalili ileile.

Kama sefti iko nyuma ya bolti, kama kwenye Mauser na Winchester Model 70, habari ni nyingine kabisa. Sefti hizo hazigusi triga. Zinavuta pini ya kugonga nyuma kidogo iondoke kwenye sia. Triga mpya ikiwa na sia inayokaa mbele kidogo kuliko ya zamani, pini nayo inasimama mbele, na bawa la sefti halipati mahali pa kuingia. Usiligonge. Dawa ni kurekebisha uso wa bawa la sefti kwa jiwe la kunolea, polepole, au kuagiza bawa la ziada lenye nyama ili ulipunguze lifae. Uso unaogusa sia usiguswe. Ukimaliza, angalia kwa jicho: sefti inapowekwa, kichwa cha pini kirudi nyuma kidogo. Kisiporudi kabisa, sefti inasimama mahali pake lakini haifanyi kazi, na hilo ni baya kuliko sefti isiyoingia.

Bolti ngumu, au haifungiki

Chunguza skrubu ya mbele ya kukazia kabla ya kitu kingine. Kitako kikibadilishwa au kikipunguzwa ndani, skrubu ileile inakuwa ndefu, inatokeza ndani ya risiva na kuzuia mabawa ya bolti. Ilegeze mizunguko miwili na ujaribu bolti. Ikilainika, umeipata; fupisha skrubu kwa tupa mpaka ibaki chini ya njia ya bolti. Kosa hili linaonekana kama kosa la triga kwa sababu limetokea siku triga ilipofungwa, na wapo waliorudisha triga nzima kwa muuzaji kwa ajili yake.

Bunduki zenye skrubu tatu, Model 70 kwa mfano, zina mtego wa skrubu ya katikati. Hiyo haikazwi kama nyingine. Inafika tu na kutulia. Ukiikaza sana inapinda risiva kuelekea chini na bolti inaanza kukwama. Kaza ya mbele kwanza, kisha ya nyuma. Kitako cha mbao kinataka toki (nguvu ya kukaza) ya karibu Nm 4 hadi 5. Chenye kitanda cha alumini ndani karibu Nm 7. Usiibane mbao kwa nguvu zako zote; nyuzi zake zinakandamizika na baada ya wiki mbili skrubu iko legevu.

Tazama pia pini zinazoshika triga. Zisitokeze upande wowote. Zigonge kwa panchi ya shaba na nyundo ndogo, na kwenye Remington 700 funika kwa kitambaa unapozitoa, kwa sababu springi ya kizuizi cha bolti ni ndogo na inaruka. Kizuizi chenyewe kikirudishwa upande usio wake, bolti haitatoka au itatoka yote unapoivuta kwa nguvu.

Triga inakokota, au inakata kisha inagonga

Mkokoto ni ile hisia ya chuma kuburuzika kabla ya kuachia. Ukiwa mdogo kwenye bunduki ya kuwindia si kasoro. Ndio usalama wako. Ukiwa mwingi, mshiko wa sia umezidi. Kwenye triga ya zamani ya Remington 700, ile isiyo ya X-Mark Pro, skrubu ya nyuma ndiyo ya mshiko, ya mbele juu ni ya mwendo wa ziada, ya mbele chini ni ya uzito. Triga nyingine zina mpangilio wake, kwa hiyo karatasi iliyokuja nayo isitupwe; piga picha ukaihifadhi kwenye simu. Nyingine hazina skrubu ya mshiko kabisa, na hiyo ni heri.

Zungusha kwa moja ya nane ya mzunguko, andika, jaribu mara 25, ndipo uendelee. Mshiko ukipungua hadi triga ikakata kama kioo na bolti ikaanza kufuata mara moja moja, umevuka. Rudi nyuma mzunguko wa nusu.

Mwendo wa ziada ukifungwa mno unaleta mambo mawili: triga haiachii kabisa, au inaachia huku sia ikikwaruza ukingo wa triga inaposhuka. La pili ni gumu kuliona, kwa sababu bunduki inapiga. Dalili yake ni risasi zisizowaka, zenye alama hafifu kwenye kitako cha ganda. Mteja ataagiza springi mpya ya pini, na haitasaidia. Kupanga: fungua skrubu hiyo, tega, ifunge mpaka triga isiachie, kisha fungua kidogo kidogo mpaka iachie, ongeza robo mzunguko. Hiyo robo usiipunguze.

Risasi zisizowaka zina sababu nyingine pia, na nyepesi kuiondoa: ndani ya bolti kumejaa grisi. Fungua bolti, osha pini na springi, acha kavu. Huko Kigoma, karibu na ziwa, bolti iliyooshwa ikaachwa kavu kabisa itaota kutu kwa unyevu. Futa pini kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha ifute tena kwa kikavu. Kutu kwenye uso wa sia nako huanza hivyohivyo, na uso wa sia ukishaliwa na kutu hausafishwi kwa msasa. Triga hiyo imekwisha.

Ilikuwa sawa, sasa uzito umebadilika

Tofauti ya gramu 100 kati ya Julai na Desemba kwenye kitako cha mbao inatarajiwa. Zaidi ya hapo, pima toki ya skrubu za kukazia, kagua mbao karibu na nyumba ya triga, osha. Bunduki inayobebwa nyuma ya Land Cruiser kwenye barabara za vumbi inahitaji triga ioshwe kila baada ya safari ya wiki mbili, hata kama haijapiga. Triga ya asili ya Model 70 za zamani, iliyo wazi na yenye vipande vichache, inavumilia vumbi vizuri kuliko triga nyingi za kisasa zenye nyumba iliyofungwa. Mwindaji wa mbogo mwenye bunduki hiyo na anayetaka kubadilisha triga kwa ajili ya wepesi tu, mshauri aiache.

Triga ya zamani iliyotolewa, pamoja na pini zake, isitupwe. Iweke kwenye mfuko mmoja wenye lebo ya namba ya bunduki, ndani ya mafuta mepesi, na umkabidhi mmiliki. Ikifika mahali majaribio ya sefti yameshindwa mara mbili baada ya kusafishwa na kupangwa, rudisha ile ya zamani, rudia majaribio yote manne, na umpe bunduki yake ikiwa hivyo.